Kamusi Ipi Inastahili Pesa Yako? Ipime kwa Kitenzi Kimoja

Januari shule za sekondari zinafunguliwa. Kwenye orodha ya mahitaji ya kidato cha kwanza, kati ya sare, madaftari na mkebe wa hesabu, kuna mstari unaowatatiza wazazi wengi: kamusi ya Kiingereza. Haijaandikwa ni kamusi ipi. Muuzaji ana lundo mezani, kubwa kwa ndogo, mpya kwa kuukuu, na kila moja inajisifu kwenye jalada kwamba ina maelfu ya maneno.

Kwa mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali Tanzania, ununuzi huu ni mzito. Amesoma kwa Kiswahili miaka yote, na sasa jiografia, baiolojia na hisabati anafundishwa kwa Kiingereza. Kamusi mbovu itampotezea muda kila jioni. Wapo pia wanunuzi wengine wenye haraka kama yake: kijana anayesubiri usaili wa kazi ya hoteli Zanzibar au Mombasa, na karani aliyeambiwa kuanzia mwezi ujao barua zote ziandikwe kwa Kiingereza.

Kwa asiye na muda, jibu ni hili. Anayeanza Kiingereza anunue kamusi ya Kiingereza-Kiswahili yenye mifano, kisha aweke kwenye simu ya nyumbani kamusi ya bure isiyohitaji intaneti. Anayeweza kusoma aya ya Kiingereza bila kukwama anunue kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi, tena ya mtumba inatosha kabisa. Kamusi ya mfukoni, kamusi iliyodurufiwa na programu ya kulipia kila mwezi, ziache.

Sasa tuone sababu, maana hapo ndipo pesa inapookolewa.

Kipimo: kitenzi "interrupt"

Usinunue kamusi kwa kuhesabu maneno. Mwanafunzi wa sekondari haharibikiwi kwa sababu kamusi yake imekosa jina la samaki wa Aktiki. Anaharibikiwa kwa vitenzi vya kawaida ambavyo maana yake anaijua nusunusu na matumizi yake hayajui. Chagua kitenzi kimoja cha namna hiyo, kitafute katika kila kamusi unayooneshwa, ulinganishe majibu.

Mimi napendekeza "interrupt". Ni cha kila siku: darasani, ofisini, kwenye simu, mapokezi ya hoteli. Kina maana zaidi ya moja. Kina ndugu ambao Kiswahili huwaweka chini ya neno moja. Na kiko kwenye herufi I, karibu na katikati ya kitabu, mahali ambapo gundi dhaifu huachia mapema. Kwa hiyo unapofungua ukurasa huo unapima maneno na jalada kwa pamoja.

Kamusi nzuri itajibu maswali sita.

La kwanza: maana ni ngapi? Ziko tatu za kujua. Kumkata mtu kalima akiwa anazungumza: "She interrupted the teacher." Kusimamisha kwa muda jambo lililokuwa likiendelea: "Rain interrupted the match." Na kukatiza mstari au mandhari yaliyokuwa wazi: "The new building interrupts our view of the sea." Kamusi inayotoa ya kwanza peke yake imekupa theluthi ya bidhaa.

La pili: kitenzi kinafuatwa na nini? "Interrupt" humpokea mtendwa moja kwa moja: "Don't interrupt me." Hakihitaji "in" wala "to" katikati. Sisi tumezoea kusema mtu ameingilia katika mazungumzo, na mazoea hayo humfanya mwanafunzi aandike "interrupt in the conversation", kosa linalokula alama za insha. Kamusi inayoonesha "interrupt somebody" na "interrupt something" inaliziba kosa hilo kabla halijaandikwa. Ioneshe pia kwamba kitenzi kinaweza kusimama bila mtendwa, kama katika "Sorry to interrupt", ambayo ndiyo adabu ya kawaida ya kuomba kuingilia maongezi.

La tatu: kuna sentensi kamili za mfano? Maana bila mfano humwacha mnunuzi akibahatisha.

La nne: kinatamkwaje? Mkazo uko mwishoni: in-ta-RAPT. Hapo Kiswahili hakitusaidii, kwa kuwa sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Wakati uliopita ni "interrupted", na "-ed" hiyo hutamkwa kama silabi kamili. Kamusi ya karatasi iweke alama ya mkazo; ya simu itoe sauti.

La tano: ndugu zake wametenganishwa? Hapa ndipo kamusi nyingi za bei rahisi zinapoanguka. "Disturb" ni kusumbua au kubughudhi, ndiyo maana kibao cha mlangoni hotelini husema "Do not disturb", na anayekwenda kwenye usaili wa hoteli asikichanganye kitenzi hicho na "interrupt". "Disrupt" ni kuvuruga utaratibu mzima, kama mafuriko yanavyovuruga safari za mabasi. "Interfere" ni kujitia katika mambo yasiyokuhusu, na hufuatwa na "in" au "with". "Intervene" ni kuingilia kati, mara nyingi kwa nia ya kuamua ugomvi, na hufuatwa na "in". Kiswahili kinaweza kutumia "ingilia" kwa vitatu kati ya hivi. Mwanafunzi akiandikiwa "ingilia" peke yake, ameachwa njia panda.

La sita: kamusi inasema lipi lina adabu na lipi halina? "Interrupt" linaweza kusemwa mbele ya mkubwa. "Butt in" ni la mitaani na lina lawama ndani yake. "Chime in" ni kuchangia maongezi, mara nyingi kwa kukubaliana na msemaji. Anayejifunza kwa ajili ya kazi anahitaji kujua tofauti hizo kuliko anavyohitaji maneno elfu kumi ya ziada.

Kamusi inayojibu maswali manne au zaidi inafaa kununuliwa. Mawili au pungufu, irudishe mezani.

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili

Faida yake kubwa ni mwendo wa haraka. Mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kuelewa maelezo ya Kiingereza wakati Kiingereza chenyewe ndicho kinachomshinda. Akikuta "dakiza", "katiza" au "simamisha kwa muda" anaelewa papo hapo na kurudi kwenye somo. Kwa mwaka wa kwanza, hakuna kinachoishinda.

Upungufu wake uko kwenye matumizi. Neno "katiza" ni sahihi, lakini kwa Kiswahili mtu huweza pia kukatiza mtaa au uwanja, yaani kupita katikati. Mtoto akiligeuza neno hilo kurudi Kiingereza bila mwongozo ataandika kwamba "ali-interrupt" uwanja wa mpira. Kinachoweza kumwokoa ni mfano uliochapishwa mbele ya neno.

Tazama pia umri wa kitabu. Kamusi ya Frederick Johnson ya Kiingereza-Kiswahili ilitoka mwaka 1939 na nakala zake bado zinazunguka sokoni. Ni kazi iliyoheshimika, lakini Kiswahili chake ni cha wakati wake. Ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka kwanza mwaka 1996, na Kiswahili chake kiko karibu zaidi na cha vitabu vya leo. Ukikuta mbili mezani kwa bei inayokaribiana, chukua ya karibuni.

Kupatikana si tatizo: maduka ya vitabu ya miji yote mikubwa ya Tanzania na Kenya huwa nazo, na Januari wauzaji wa barabarani huzipanga mbele. Tatizo la Januari ni bei, kwa kuwa kila mzazi anatafuta kitu hicho hicho wiki hiyo hiyo. Anayeweza kununua mapema, Oktoba au Novemba, ana nafasi nzuri zaidi ya kupunguziwa.

Hukumu: kwa anayeanza, inafaa pesa yake, alimradi ina sentensi za mfano. Isiyo na mifano usiichukue hata kwa nusu ya bei.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi

Hii ndiyo inayofaulu vizuri zaidi katika kipimo chetu, na si kwa bahati. Aina hii ilitungwa makusudi kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, alichapisha ya kwake huko mwaka 1942, na Oxford ikaitoa tena mwaka 1948. Jambo alilolishughulikia sana lilikuwa hilohilo linalotusumbua: kitenzi hiki kinafuatwa na nini katika sentensi.

Mwaka 1978 Longman walitoa ya kwao ambayo maelezo yake yameandikwa kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000 tu, ili msomaji asihitaji kamusi ya pili kuielewa ya kwanza. Mwaka 1987 Collins wakatoa COBUILD, iliyoandaliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Birmingham, ambayo hueleza maana kwa sentensi nzima. Siku hizi wachapishaji wengine wanafuata njia hizo. Huna haja ya kung'ang'ania jina moja. Tafuta alama tatu ndani ya kitabu: maelezo yanayotumia maneno rahisi, kitenzi kinachooneshwa pamoja na kinachokifuata, na mifano.

Gharama yake ikiwa mpya ndiyo inayouma. Matoleo makubwa huagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei hupanda shilingi inaposhuka. Lakini hapa mnunuzi mwenye pesa kidogo ana njia ya wazi: mtumba.

Toleo la miaka kumi na mitano au ishirini iliyopita linaeleza "interrupt" sawasawa na toleo la mwaka huu. Vitenzi vya msingi havijabadilika. Utakachokosa ni maneno mapya ya teknolojia, na hayo unayapata bure kwenye simu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia ulipe zaidi kwa sababu toleo lake ni jipya, jua unalipia maneno machache mwishoni mwa orodha ndefu. Kwa vitabu vya kiada mtaala ukibadilika hoja yake ingekuwa na nguvu. Kwa kamusi haina.

Ziko za ngazi. Ya ngazi ya kati inamfaa mwanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne. Ya ngazi ya juu inamfaa wa kidato cha tano na kuendelea, chuo na ofisini. Usinunue ya juu kwa ajili ya mtoto mdogo ukitumaini "ataikulia". Kabla hajaikulia itakuwa imechanika.

Hukumu: kwa anayesoma Kiingereza kidogo, hii ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote. Nunua ya mtumba yenye jalada zima.

Kamusi nene za watu wa Ulaya na Marekani

Kwenye meza za mtumba utakutana na majitu mazito, jalada gumu, karatasi nzuri, bei ndogo ya kushangaza. Mengi yametungwa kwa Wamarekani au Waingereza wenyewe. Yanaeleza neno jepesi kwa maneno mazito, hayana haja ya kusema kitenzi kinafuatwa na nini kwa kuwa msomaji wao anajua tangu utotoni, na mengi hutaja asili ya neno. Utajifunza kwamba "interrupt" limetoka katika Kilatini, neno lenye maana ya kuvunja katikati, na bado hutajua kuandika sentensi.

Hukumu: bei rahisi, bidhaa isiyo yako. Yafaa mfasiri au mwandishi, si mwanafunzi.

Kamusi ndogo ya mfukoni

Ni nyepesi, inapatikana kila kona, na bei yake haimtishi mtu. Lakini ili iingie mfukoni, imebidi mifano itolewe. Ukifungua "interrupt" utakuta neno moja au mawili, basi. Herufi ni ndogo, na kwa mwanafunzi anayesomea taa hafifu hilo ni usumbufu wa kila usiku. Karatasi ni nyembamba na mgongo umegundishwa tu, haukushonwa.

Wazazi wengi hununua hii kwanza, kisha mwalimu anamwambia mtoto alete kubwa. Hapo umelipa mara mbili.

Hukumu: ruka.

Nakala zilizodurufiwa

Hizi zinauzwa kana kwamba ni halisi. Dalili zake: picha ya jalada imefifia, herufi za ndani ni nzito pengine na hafifu kwingine, kurasa zimepinda pembeni, na karatasi ni ya kawaida badala ya ile nyembamba laini ya kamusi. Hatari kubwa ni kurasa zilizorukwa au kujirudia. Kamusi iliyokosa kurasa ishirini huijui hadi siku unayozihitaji, na muuzaji wa barabarani huenda usimkute tena.

Angalia namba za kurasa kwenye A, kwenye I, na kwenye S, herufi yenye maneno mengi kuliko zote. Zisipofuatana, usilipe. Na mwenye kitabu hana sehemu katika pesa hiyo, jambo ambalo mnunuzi mwadilifu hawezi kulifumbia macho.

Hukumu: ruka, hata ikiwa nusu ya bei.

Kamusi ya kwenye simu

Wachapishaji wakubwa wa kamusi za wanafunzi, wakiwamo Oxford, Cambridge na Longman, wanaruhusu kamusi zao zisomwe bure kwenye tovuti zao, pamoja na sauti ya matamshi. Kwa kipimo chetu cha maswali sita, huu ni ufaulu wa juu kwa bei ya bando tu. Mwenye simu janja na intaneti ya uhakika hana sababu ya kukosa kamusi bora.

Kwa asiye na intaneti kila saa, zipo programu za kupakua mara moja na kutumia bila bando. Tofauti kati yake ni kubwa. Baadhi ni kamusi kamili. Nyingine ni orodha ya maneno yaliyookotwa popote. Ipime kwa "interrupt" kabla ya kuipa nafasi kwenye simu. Ipakue penye Wi-Fi au kwa bando la usiku, kwani zenye sauti huwa nzito.

Lakini kuna kikwazo kinachomaliza hoja kwa familia nyingi: shule nyingi za Tanzania na Kenya haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Kwa mtoto wa bweni, kamusi ya simu ipo likizoni tu. Na kwa wa kutwa, simu ni ya mzazi, nayo hutoka nyumbani na mzazi.

Programu ya kutafsiri ni kitu kingine. Hiyo hukupa neno moja au sentensi iliyokwisha tafsiriwa, bila kukuonesha kanuni. Inafaa kuelewa ujumbe uliotumiwa. Haifai kujifunzia kuandika. Vivyo hivyo programu za akili mnemba za kuzungumza nazo: ni nzuri kwa kuomba mifano zaidi au kusahihishiwa sentensi, lakini hukosea huku zikionekana kuwa na uhakika. Jibu lake lipeleke kwenye kamusi kabla ya kulikariri.

Hukumu: tumia ya bure kama msaidizi. Kulipia kila mwezi hakuna haja, kwa sababu kinacholipiwa kipo bure mlango wa pili.

Kozi ya Kiingereza

Kila mji una madarasa ya maandalizi ya kidato cha kwanza na kozi za Kiingereza za jioni. Kuna kitu kimoja ambacho kozi inakupa na kitabu hakiwezi: kuzungumza na mtu. Kumwingilia mkubwa kwa adabu, kusema "Sorry to interrupt" kwa sauti inayofaa, kumwacha mwenzako amalize, hayo hujifunzwa kwa mdomo. Anayekwenda kwenye usaili wiki tatu zijazo atapata faida zaidi hapa kuliko kwenye kitabu chochote.

Ila ada inayotangazwa kwenye bango si ada utakayolipa. Uliza juu ya fomu ya kujiunga, kitini, mtihani, cheti na nauli ya kila siku. Jumlisha zote, kisha gawanya kwa idadi ya saa utakazofundishwa. Namba hiyo ndiyo bei halisi. Uliza pia mko wangapi darasani. Darasa la watu hamsini kwa saa moja halimpi kila mtu hata dakika mbili za kuzungumza.

Omba kuhudhuria kipindi kimoja kabla ya kulipa. Mwalimu akiongea peke yake kipindi kizima, umepata jibu lako.

Hukumu: inafaa kwa mwenye usaili au kazi ya kuzungumza. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza, kamusi kwanza, kozi baadaye.

Maktaba

Watu wengi huisahau. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, na maktaba za mikoa zina kamusi za ngazi zote. Kenya nako kuna maktaba za umma katika kaunti. Kamusi kwa kawaida haziazimwi, husomewa pale pale, kwa hiyo si mbadala wa kuwa na yako. Faida yake ni kwamba unaweza kuweka kamusi kadhaa mbele yako, ukazipima zote kwa kitenzi kile kile, kisha ukaenda sokoni ukijua jina na umbo la unachotafuta. Muuzaji hatakuzungusha.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

Namba ya siri ya intaneti. Kamusi mpya za wanafunzi mara nyingi huja na namba ya kufungulia huduma za ziada, na bei yake imo ndani ya bei ya kitabu. Katika kitabu cha mtumba namba hiyo huwa imekwisha tumika au muda wake umepita. Muuzaji akiitaja kama sababu ya kupandisha bei, mkatalie. CD iliyobandikwa nyuma nayo ihesabu kuwa haipo, maana kompyuta ya kuichezea ni adimu siku hizi.

Jaribio la bure. Programu inakupa siku kadhaa bure baada ya kuweka njia ya malipo, kisha inaanza kukata yenyewe. Ukiifuta kwenye simu bila kusitisha malipo, makato yanaendelea. Bei ikiwa kwa dola, kila mwezi utalipa shilingi tofauti, na benki au kampuni ya simu inaweza kuongeza ada yake.

Matangazo. Programu ya bure yenye matangazo ya video hula bando kila unapoifungua. Zima data kabla ya kuitumia. Ikigoma kufanya kazi, basi haikuwa ya nje ya intaneti kama ilivyodai.

Kava na uchakavu. Kamusi hufunguliwa mara nyingi kuliko kitabu kingine chochote kwenye begi. Ijalidi kwa plastiki siku ya kwanza. Ukichagua kati ya iliyoshonwa na iliyogundishwa, lipa tofauti ndogo upate iliyoshonwa: fungua katikati, utaona uzi kwenye mkunjo.

Kupotea. Bwenini kamusi nzuri ina miguu. Andika jina la mtoto kwa kalamu nzito kwenye ukingo wa kurasa, kitabu kikiwa kimefungwa, na tena ndani kwenye ukurasa mmoja wa siri. Haigharimu kitu na inamaliza ubishi.

Hesabu

Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu. Weka bei uliyotajiwa mahali pa yangu.

Tuseme kamusi nzuri ya mtumba umeipata kwa shilingi 40,000 za Tanzania, na mtoto akaitumia kidato cha kwanza hadi cha nne. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwaka, chini ya shilingi 30 kwa siku. Na mdogo wake atairithi.

Tuseme ya mfukoni ni shilingi 8,000, lakini inachanika kila mwaka. Miaka minne ni 32,000. Umeokoa shilingi 8,000 kwa miaka minne, na muda wote huo mtoto hakuwa na mfano hata mmoja wa kumwongoza.

Tuseme programu ya kulipia ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, kwa miaka minne ni 240,000. Siku ukiacha kulipa, hubaki na kitu.

Una pesa kiasi gani?

Una nauli tu: nenda maktaba, na usome kamusi za bure kwenye simu ya nyumbani. Nakili sentensi za mfano kwenye daftari maalumu, kitenzi pamoja na kinachokifuata.

Una pesa ya kitabu kimoja cha mtumba: anayeanza achukue ya Kiingereza-Kiswahili yenye mifano, aliyekwisha piga hatua achukue ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza.

Una pesa ya kitabu kimoja kipya: usinunue kipya. Kwa pesa hiyo huenda ukapata viwili vya mtumba, cha lugha mbili na cha wanafunzi, na viwili hivyo vitamfikisha mtoto hadi mwisho wa sekondari.

Una pesa ya vitabu viwili vipya: nunua viwili vya mtumba, na kilichobaki kilipe mwezi mmoja wa kozi ya kuzungumza wakati wa likizo.

Ukifika mezani, usianze na bei. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nitafute neno moja kabla hatujaongea bei." Mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Fungua "interrupt", pitia maswali sita, kunjua kitabu pale pale uone kama mgongo unapasuka, angalia namba za kurasa. Kazi yote haizidi dakika tano. Kisha taja bei yako, nawe ukijua unalipia nini. Fanya hivyo wiki hii kama unaweza, kwa sababu wiki ya kufungua shule kamusi nzuri za mtumba zitakuwa zimeshachukuliwa, na mezani zitabaki za mfukoni.